BEI YA KUNUNULIA NA BEI YA KUWA NAYO

(Mazungumzo yaliyotolewa ukumbini katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Wenzangu walionitangulia katika miaka iliyopita walizungumza juu ya afya, kilimo na malezi. Mimi nimepangiwa motokaa. Barua ya kamati iliponifikia nilidhani ni mzaha wa Katibu, ambaye tulikuwa naye bweni moja na ambaye tabia yake mnaijua. Baadaye nikakumbuka. Wale waliohudhuria mkutano wa mwaka 2016 watakuwa hawajasahau kwamba nilifika hapa na gari jekundu la milango miwili, na kwamba jioni yake gari hilo lilisukumwa na vijana wa kidato cha pili kutoka mbele ya ofisi hadi getini, likakataa kuwaka, likarudishwa, likasukumwa tena. Baadhi ya vijana hao leo ni watu wazima na wamo humu ukumbini. Nawaomba radhi kwa viatu vyao.

Iko sababu nyingine. Mwenzetu mmoja, ambaye hataki nimtaje, amefanikiwa katika biashara na sasa anataka kununua gari la namna hiyo hiyo. Aliniuliza ushauri. Nilipoanza kumjibu nikaona kwamba jibu ni refu, na kwamba ndani yake kuna hesabu ambayo hata kijana wa kidato cha nne anaweza kuifanya. Basi Mwenyekiti akasema nijibu mbele ya wote.

Ninaposema gari la kasi sina maana ya basi la mikoani. Nina maana ya zile motokaa zilizoundwa kwa furaha ya dereva: injini yenye nguvu kuliko haja, mwili ulioinama karibu na ardhi, breki kubwa, matairi mapana, na nafasi ya watu wawili au watu wawili na mikoba yao. Porsche, Ferrari, Honda NSX, Nissan GT-R na jamaa zake. Ubora wa gari la namna hii hupimwa kwa mambo mawili ambayo mara nyingi hugombana. La kwanza ni uwezo wake barabarani. La pili ni gharama ya kukaa nalo.

Ugomvi huo si mpya kwetu. Mwalimu wetu wa Fizikia alikuwa na hadithi moja aliyotusimulia kila alipofika kwenye somo la msuguano. Katika ujana wake aliishi Nairobi, na mwaka 1974 aliyatazama mashindano ya Safari. Dereva Björn Waldegård wa Sweden alikuwa na Porsche 911 Carrera. Joginder Singh wa Kenya alikuwa na Mitsubishi Lancer yenye injini ya cc 1,600 tu. Aliyeshinda ni Joginder. Porsche ilikuwa ya pili. Miaka minne baadaye, 1978, Porsche ilikuja tena ikiwa imejiandaa, na Vic Preston kijana akaipeleka hadi nafasi ya pili. Mshindi alikuwa Jean-Pierre Nicolas na Peugeot 504. Mwalimu alikuwa akiuliza: gari lipi ni la kasi zaidi, lile linalokimbia au lile linalofika? Sisi tulijibu kwa sauti moja jibu alilolitaka, kisha jioni bwenini tukaendelea kuitazama picha ya Porsche iliyobandikwa juu ya kitanda changu.

Picha ile ndiyo iliyonigharimu kiwanja cha Kibaha.

Mwaka 2014 nilikuwa na miaka kumi kazini serikalini, nina akiba ya shilingi milioni 18, na kiwanja nilichokiuza kwa milioni 30. Gari nililolipenda lilikuwa Uingereza, la mwaka 2003, mkono wa kulia kama yetu. Jina lake silitaji. Aliyelitengeneza hakunikosea, aliyekosea hesabu ni mimi. Lilipokuwa jipya bei yake ilikuwa ya kutisha, lakini baada ya miaka 11 lilikuwa limeshuka hadi kufikia mkono wa mtumishi wa umma. Nilijiona mjanja. Nilimweleza mama watoto kwamba tunapata gari la matajiri kwa bei ya gari la kawaida. Yeye hajui magari wala hayapendi. Aliniuliza swali moja tu: “Likiharibika, fundi wake nani?” Nilimjibu kwamba mafundi wamejaa Dar es Salaam.

Ushuru niliutegemea, maana kazi yangu ni ya makaratasi. Hata hivyo vijana waangalie namna ushuru unavyopandana. Thamani ya gari ikichukuliwa kuwa 100, ushuru wa forodha ni asilimia 25, tunafika 125. Injini ikizidi cc 2,000 kuna ushuru wa bidhaa asilimia 10 juu ya hiyo, tunafika 137 na nusu. Kisha VAT ya asilimia 18 juu ya jumla yote, tunafika 162 na robo. Hapo bado ushuru wa uzee wa gari, gharama za bandari, wakala na usajili. Tena thamani inayotozwa ni ile inayokadiriwa na mamlaka ya mapato, si lazima iwe ile iliyoandikwa kwenye risiti yako. Gari lilipopata namba lilikuwa limekula shilingi milioni 48, yaani kiwanja na akiba, vyote viwili.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo kama mtasahau mengine yote naomba hili mlibebe. Gari la thamani likizeeka, bei yake ya kununulia huanguka. Bei ya vipuri vyake haianguki. Motokaa iliyouzwa kwa milioni 200 ikipatikana leo kwa milioni 30, breki zake ni breki za gari la milioni 200, rejeta zake ni za gari la milioni 200, na fundi anayeielewa hutoza kama inavyostahili gari la milioni 200. Uliyenunua kwa milioni 30 ndiye umerithi bili za yule aliyenunua kwa 200, naye ameliacha mapema kwa sababu alizijua.

Nitatoa mfano ambao si wangu, ulio wazi kwa kila mtu. Porsche 911 ya aina iitwayo 996, iliyotoka mwaka 1997, ilikuwa ya kwanza katika ukoo huo kupozwa injini kwa maji. Hapo kabla zote zilipozwa kwa hewa. Ni gari zuri sana, na kwa miaka mingi ilikuwa ndiyo 911 ya bei nafuu kuliko zote. Sababu moja ya unafuu huo ni beringi ndogo iliyomo ndani ya injini, mwishoni mwa shafti ya kati. Beringi yenyewe hujaa kiganjani. Ikivunjika, chembe zake za chuma huingia kwenye oili, na mpangilio wa valvu huweza kuhama, na injini nzima ikawa ya kutupwa. Huko Marekani wenye magari walifungua kesi ya pamoja iliyoishia kwa maridhiano mwaka 2013, ikihusu 911 na Boxster za modeli za 2001 hadi 2005. Humo ilitajwa kwamba beringi ya aina ile ya safu moja iliharibika katika magari takriban 8 kwa kila 100, na ile ya awali ya safu mbili katika gari kama 1 kwa kila 100.

Angalieni hesabu hiyo kwa makini. Magari 92 kati ya 100 hayakupatwa na kitu, lakini bei ya yote 100 ilishuka kwa hofu. Kwa hiyo mnunuzi mwenye akili angeweza kupata faida hapo, kwa sharti moja. Ili kuifikia beringi ile ni lazima giaboksi ishuke. Giaboksi hushuka pia wakati wa kubadili klachi. Basi aliyebadili beringi siku ile ile ya klachi alilipa kazi ya fundi mara moja kwa mambo mawili, akalala usingizi. Aliyengoja dalili, dalili yenyewe ilikuwa injini kuzima. Ndiyo maana nasema gari lenye ugonjwa unaojulikana na dawa inayojulikana ni afadhali kuliko gari ambalo muuzaji anaapa halina ugonjwa wowote.

Watengenezaji nao waliielewa shida hii, ingawa polepole. Ferrari F355 ya miaka ya 1990 ilikuwa na mikanda ya kuendesha valvu, na mkanda, kama mjuavyo, una umri. Ili kuibadili, injini yote ilibidi itolewe garini. Fikirini: gari halijaharibika, liko zima, lakini kila baada ya miaka michache hushushwa injini kwa ajili ya mikanda ya mpira. Ilipokuja 360 Modena mwaka 1999 waliweka mlango mdogo nyuma ya viti, fundi akaweza kuifikia mikanda bila kushusha injini. Iliyofuata, F430, iliacha mikanda ikatumia mnyororo. Baadaye kampuni hiyo ikaanza kuuza magari mapya yakiwa na huduma ya matengenezo ya kawaida ya miaka 7 ndani ya bei. Mabadiliko hayo hayakuongeza mwendo hata kwa kilometa moja. Ni mwenye gari ndiye aliyekuwa akipunguziwa mzigo.

Hapa nitawasifu Wajapani kidogo. Mwaka 1990 Honda walitoa NSX. Mwili wake wote ulikuwa wa alumini, na Ayrton Senna, bingwa wa mbio, aliijaribu katika uwanja wa Suzuka wakati ikitengenezwa na kuwaambia iongezwe ugumu. Kwa nguvu za injini haikuwa ya kwanza. Ile iliyouzwa Marekani ilikuwa na nguvu za farasi 270, na Ferrari ya wakati huo, 348, ilikuwa na 300 hivi. Lakini NSX ilikuwa inawaka asubuhi. Mtu aliweza kuona vizuri akiwa ndani, kuendesha mjini kwenye foleni, na kulipeleka gari matengenezo kama watu wengine wapelekavyo Honda zao. Gordon Murray, yule mhandisi aliyebuni McLaren F1, aliinunua akaitumia mwenyewe miaka mingi, na amesema wazi kwamba ilimfundisha. Sijapata kuikalia hata kiti chake. Lakini nikiulizwa ni gari lipi la kasi lililozipatanisha zile pande mbili zinazogombana, nitaitaja hiyo kwanza.

Sasa nirudi kwenye gari jekundu, maana naona Katibu anatazama saa.

Nilikaa nalo miaka mitatu, tangu 2014 hadi 2017. Katika muda huo nililiendesha kilometa 9,400. Mimi ni mtu wa daftari. Kila senti niliiandika, hata ile ya vijana wa kusukuma. Gari lilinunuliwa kwa milioni 48, likauzwa kwa 22, hasara 26. Bima kubwa, kwa kuwa gari la namna hii huwezi kulikatia bima ndogo ukalala, ilikula milioni 5 kwa miaka yote mitatu. Matairi milioni 4 na nusu: ya nyuma ni mapana kuliko ya mbele, kwa hiyo huwezi kuyahamisha, na mpira wake ni laini ili ushike barabara, kwa hiyo huisha upesi, niliyabadili ya nyuma mara mbili. Breki milioni 3. Klachi, pamoja na kuagiza vifaa nje na kungoja majuma saba, milioni 5 na nusu. Rejeta na pampu ya maji milioni 3 na laki 8, maana joto la Dar es Salaam na foleni ya Ubungo havikuwamo katika mawazo ya aliyeliunda. Oili na huduma ndogo milioni 2 na laki 2. Kuvutwa na madogo mengine milioni 1.

Na petroli? Kila mtu, kuanzia jirani hadi mkuu wangu wa kazi, aliniuliza swali moja: “Linakula mafuta kiasi gani?” Petroli ya miaka mitatu ilikuwa milioni 2 na laki 6. Jumla ya yote ni shilingi milioni 53 na laki 6. Petroli, iliyowatisha wote, haikufika hata asilimia 5. Jambo wanaloliuliza watu ndilo dogo kuliko karibu yote, na lile kubwa kuliko yote, kuanguka kwa thamani, hakuna aliyeniuliza hata siku moja, kwa sababu halina risiti.

Gawanyeni milioni 53 na laki 6 kwa kilometa 9,400. Mtapata shilingi 5,700 kwa kila kilometa. Kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro ni kilometa kama 190. Kwenda tu, bila kurudi, nilikuwa natumia zaidi ya shilingi milioni moja, na basi lililonipita Chalinze nikiwa nimesimama kando kupoza injini lilikuwa limewatoza abiria wake nauli ya kawaida. Na humo sijatia kiwanja. Aliyekinunua amejenga nyumba ya kupangisha. Nikipita Kibaha huwa naangalia upande wa pili wa barabara.

Nimesema gharama, sasa niseme uwezo, nisije nikaonekana kama mzee anayechukia vitu vizuri. Gari lile lilikuwa zuri. Siku nilipolipeleka mara ya kwanza nje ya mji alfajiri, usukani ulikuwa mwepesi na wa kweli, kona ilikuwa inakuja nalo linaipokea kama lilikuwa likiingoja, na sauti ya injini ilinirudisha bwenini juu ya kile kitanda. Sikuwa na mwendo wa kutisha. Hilo ndilo lililonishangaza: raha ile niliipata kwenye mwendo wa kilometa 80.

Hapa Fizikia inatusaidia. Gari la kawaida likienda kilometa 100 kwa saa juu ya barabara tambarare hutumia nguvu za farasi kama 15 hadi 20 tu. Nguvu inayotakiwa kushinda upepo huongezeka kwa kipeo cha tatu cha mwendo: ukitaka mwendo mara mbili, kwa upande wa upepo unahitaji nguvu mara nane. Ndiyo maana Bugatti Veyron ya mwaka 2005, iliyofika kilometa 407 kwa saa, ilihitaji nguvu za farasi 1,001, silinda 16, tabo nne na rejeta kumi. Kila kilometa ya mwisho hulipiwa kwa chuma, joto na fedha nyingi kuliko iliyotangulia. Nasi tunaishi wapi? Barabarani kwetu kila penye kijiji pana kibao cha 50, na nyuma ya mwembe yuko askari na tochi yake. Kisha matuta. Lile jekundu lilikuwa na nafasi ya sentimita chache chini ya tumbo. Tuta la getini hapo nililipanda kimshazari kama kaa, na bado lilikwaruza. Katika kilometa 9,400, zile ambazo gari lilifanya kazi iliyoundiwa sidhani kama zilifika 600. Ukizigawia zile milioni 53, hesabu yake nawaachia ninyi vijana. Mimi niliifanya usiku mmoja nikafunga daftari.

Kwa hiyo uwezo usiotumika nao ni gharama. Breki kubwa unalipia hata kama hukufunga breki kwa nguvu. Yapo magari yenye breki za sahani za kauri, zilizoundwa kwa ajili ya kuzunguka uwanjani kwa saa nzima bila kupoteza nguvu. Kokoto moja ya barabara ya vumbi ikiwa mbaya huweza kuichubua sahani ambayo bei yake ni sawa na gari dogo zima. Mtu wa Masaki anayekwenda Kariakoo anazihitaji za nini?

Gharama nyingine haimo katika daftari. Mtumishi wa serikali mshahara wake unajulikana na kila mtu, hata na yule anayeleta chai. Nilipoanza kuliegesha gari jekundu pale ofisini, wenzangu walipunguza mazungumzo nilipoingia. Mkuu wangu aliniita, akafunga mlango, akaniuliza kwa upole limetoka wapi. Sikukasirika, ilikuwa haki yake. Nilimletea karatasi za mauzo ya kiwanja na za benki, akazisoma zote, akanirudishia. Lakini tangu siku ile nikawa naliegesha mtaa wa pili na kutembea kwa miguu. Motokaa niliyoinunua ili nionekane nayo nikawa naificha.

Wapo watakaosema: lakini magari haya mengine hupanda bei. Ni kweli. Mwaka 2021 huko Marekani McLaren F1 moja iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 20, na ilipokuwa mpya haikufika hata milioni moja. Ila ilikuwa imetembea kilometa zipatazo 390 tu katika miaka zaidi ya 20. Faida ilipatikana kwa kutoliendesha. Anayetaka hivyo anunue hati za serikali, hazihitaji matairi.

Sasa nimjibu mwenzetu. Anatazama magari mawili. Moja ni Nissan GT-R. Gari hilo lilitoka mwishoni mwa mwaka 2007, bei yake Japani ikiwa yen milioni 7 na laki 7 hivi, na kwa bei hiyo lilikimbia sawa na magari ya Ulaya ya bei maradufu na zaidi. Injini yake ya lita 3.8 ilikuwa ikiunganishwa kwa mkono na fundi mmoja mwanzo hadi mwisho. Utengenezaji wake ulikoma Agosti 2025, kwa hiyo zilizopo ndizo hizo. Nilimwambia: bei ya Nissan, lakini matengenezo si ya Nissan. Lina uzito wa kilo 1,740 hivi, magurudumu ya inchi 20, matairi ya mbele na nyuma hayalingani. Na giaboksi ya yale ya mwanzo iangaliwe sana, kwa sababu baadhi ya wenye magari huko Marekani waliizoea ile namna ya kuondoka kwa kishindo wakazivunja, hata Nissan wakabadili programu yake. Kama kitabu cha huduma hakipo, asilitazame mara ya pili hata kama rangi inang'aa.

La pili ni Porsche 911. Hapo nilimwambia atafute ya kuanzia modeli ya 2009, kwa kuwa injini mpya ya mwaka huo haina kabisa ile shafti ya kati wala beringi yake. Atailipia zaidi siku ya kununua. Alipe tu. Kule ndiko mahali pa kulipa zaidi, wakati fedha bado ni yako na hujaingia kwenye deni la gereji.

Kisha nikampa mambo matatu ya kufanya kabla ya kutuma hata dola moja. Atafute fundi kwanza, hapa hapa nchini, mwenye kompyuta ya kulipima gari la aina hiyo, akae naye, amwulize bei ya breki, ya klachi na ya rejeta, aziandike. Amlipe mtu wa kulikagua gari huko huko liliko, likiwa juu ya jeki, si kwa picha. Na atenge theluthi ya bei ya gari katika akaunti nyingine isiyoguswa. Kama theluthi hiyo hana, basi gari hilo hajalimudu, hata kama bei yake anayo mkononi.

Nikamwongezea la nne, akacheka. Nilimwambia aende kwanza akajaribu kagari kadogo ka Mazda MX-5, kenye kilo elfu moja tu na injini ya lita 1.6 au 1.8. Mazda wametengeneza zaidi ya milioni moja tangu 1989, na ufundi wake hauwatatizi mafundi wetu. Kwenye mwendo wetu wa 80, katika barabara ya Lushoto, kanampa dereva karibu raha yote niliyoipata mimi, kwa sehemu ndogo ya bei. Yeye akasema hawezi kuonekana katika kagari ka namna hiyo. Nikamwuliza kama ananunua gari la kuendesha au la kuonekana, maana hesabu za mambo hayo mawili haziko katika ukurasa mmoja. Hakujibu, tukaitwa chakulani.

Jana usiku bwenini, maana tumelala kule kule kwa hiari yetu na migongo inatuuma, aliniambia amekwisha kumwona fundi mmoja Dar es Salaam na kwamba bei ya klachi imemkosesha usingizi wa siku mbili. Gari bado hajaliacha. Ameomba apewe mpaka mwisho wa mwezi.

Daftari langu ninalo hapa mezani, la miaka yote mitatu, na risiti zimebanwa ndani. Kijana atakayetaka kuliangalia aje baada ya chai.